Nusu ya Sentensi Niliyoimeza

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mwanawe amesimama nyuma yake, mkono begani. Daktari wa zamu siku hiyo hakujua Kiswahili na mkalimani hakuwepo, kwa hiyo nikaitwa mimi, nesi niliyekuwa napita na trei ya dawa. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu katika wodi ya saratani. Daktari alieleza taratibu, bila haraka: saratani ya utumbo mpana imeshafika kwenye ini, ugonjwa huo unaweza kutibiwa lakini hauwezi kuponywa, dawa za saratani ziitwazo kemo zitamwongezea muda na kumpunguzia maumivu. Akanyamaza, akaniangalia.

Nikamgeukia mzee, nikasema: "Baba, daktari anasema ugonjwa wako unatibika. Utaanza kemo wiki ijayo."

Nusu ya pili niliimeza. Nilimwona yule kijana akinitazama kwa macho ya kuomba, nikaona mikono ya mzee imetulia juu ya magoti, na neno "hutapona" likagoma kutoka. Nikajipa moyo kwamba nimesema kweli. Unatibika, si dawa ipo? Mzee alimshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru, na daktari akafurahi kuona mgonjwa amepokea habari nzito kwa utulivu namna ile.

Kwenye dozi ya tano, nikiwa namtafutia mshipa, aliniuliza: "Mwanangu, nikimaliza ile ya sita nitakuwa nimepona, au siyo? Nina nyumba nataka kuiezeka."

Mshipa ulinipotea mara mbili. Nilimwambia nitamwita daktari, nikaenda kusimama kwenye chumba cha dawa hadi pumzi ikarudi. Mzee alifariki miezi michache baadaye, nguvu zake za mwisho zikiwa zimeishia kwenye ile nyumba. Mwanawe alikuja kuchukua karatasi, akaniambia kwamba baba yake hakuwahi kukaa na watoto wake kuwaeleza aliyotaka kuwaeleza, kwa sababu aliamini muda upo. Hakusema kwa hasira. Laiti angenikaripia.

Leo kazi yangu ni kuwafundisha madaktari, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa mionzi namna ya kuzungumza na wagonjwa wa saratani ambao hawafanani nao: kwa lugha, kwa imani, kwa umri, kwa elimu, kwa namna ya kusikia na ya kuona. Nimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Yaliyomo humu ni yale niliyojifunza kwa kukosea, pamoja na machache niliyofundishwa na watu walionitangulia.

Nianze na lile neno lenyewe. Katika Kiswahili, "tiba" inabeba mzigo wa maneno mawili. Tunasema tiba tukiwa na maana ya huduma anayopewa mgonjwa, na tunasema tiba tukiwa na maana ya kumaliza ugonjwa. "Malaria inatibika" maana yake utapona. "Ugonjwa huu hauna tiba" maana yake hutapona, hata kama kuna dawa kumi za kuupunguza. Sasa mtu akiambiwa saratani yake inatibika, asikie nini? Atasikia alichozoea kusikia maisha yake yote. Daktari aliyejifunza udaktari kwa lugha nyingine anatofautisha maneno hayo kichwani mwake bila shida, na hajui kwamba tofauti hiyo imepotea njiani kabla ya kufika kwa mgonjwa.

Na si hilo tu. Niliwahi kukaa kwenye kliniki moja pembeni ya daktari kijana, mwema sana, aliyemwambia mama mmoja kwamba majibu ya kipimo cha kinyama kilichochukuliwa mwilini mwake yamekuwa chanya. Yule mama akasema "Alhamdulillahi," akafuta machozi, akaanza kukusanya mkoba wake. Chanya ni jambo jema, nani asiyejua? Daktari alichukua kama nusu dakika kuelewa kilichotokea, na ikabidi amrudishe mama wa watu kwenye kiti na kumpa upya habari kwamba saratani imeonekana, habari ambayo alishamaliza kuishukuru. Tangu siku hiyo, kwenye kila mafunzo ninayoendesha, tunatenga saa nzima kwa maneno kama haya. Uvimbe "umeitikia dawa" ni nini? "Hatua ya nne" ni hatua ya nne kati ya ngapi, na je, kupanda hatua ni kusonga mbele kwa heri au kwa shari? Wapo wagonjwa walioniambia walifurahi kusikia wako hatua ya nne, kwa kuwa waliona safari inakaribia kuisha, kumbe ndiyo hatua ya ugonjwa uliosambaa zaidi.

Nilidhani kosa langu lilikuwa la nesi mmoja mchanga aliyeogopa. Kisha nikasoma utafiti wa Jane Weeks na wenzake uliochapishwa mwaka 2012. Waliwauliza wagonjwa 1,193 wa Marekani waliokuwa na saratani ya mapafu au ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa, wote wakiwa wamepewa kemo, kama wanaelewa kwamba dawa hizo hazitarajiwi kuwaponya. Asilimia 69 ya wenye saratani ya mapafu na asilimia 81 ya wenye ya utumbo hawakuonyesha kulielewa hilo. Kilichonikalisha chini ni kitu kingine kwenye utafiti huohuo: wagonjwa waliowasifu zaidi madaktari wao kwa kuzungumza vizuri ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na imani hiyo isiyo sahihi.

Nilisoma mstari ule nikakumbuka mikono miwili ya mzee ikishika mkono wa daktari. Siku ile kila mtu chumbani alitoka ameridhika.

Ndiyo maana siku hizi siwafundishi watu kuwa wapole tu. Wengi wanaokuja kwenye mafunzo wanatarajia tutawafundisha sauti laini, tabasamu, namna ya kumgusa mgonjwa bega. Upole ni jambo jema na asiye nao anaumiza watu, lakini upole bila kuhakiki unaweza kumficha mgonjwa ukweli vizuri kuliko ukali. Swali ninalowarudishia kila mara ni hili: alisikia nini? Si ulisema nini. Na njia ya kujua alichosikia ni moja tu, kumwomba akueleze.

Hapo watu hukosea kwa urahisi. "Umeelewa?" ni swali ambalo jibu lake ni ndiyo, hasa kwa mtu anayeheshimu koti jeupe au anayeona foleni nje ya mlango. Tunafanya mazoezi ya kuuliza kwa namna inayoweka mzigo kwa mtaalamu: "Mama, nimesema mambo mengi na huenda sikuyaeleza vizuri. Ukifika nyumbani wakikuuliza daktari amesema nini, utawajibuje?" Kisha unanyamaza. Mara ya kwanza niliyoona swali hilo likiulizwa kwa dhati, mgonjwa alijibu: "Nitawaambia mionzi inachoma damu mbaya." Daktari alikuwa ametumia dakika ishirini kueleza mionzi, na ni jibu hilo lililomwonyesha mahali pa kuanzia upya.

Kosa langu la pili lilikuja nilipoanza kufundisha, na hilo nililifanya mbele ya watu arobaini.

Nilikuwa nimeandaa jedwali. Upande mmoja jamii na dini mbalimbali, upande wa pili "wanavyopenda kuambiwa". Hawa hawataki neno saratani litajwe. Hawa uamuzi ni wa familia. Wale mwanamke asizungumze na daktari wa kiume peke yake. Nilikuwa nimelisomea kwa wiki tatu na nililipenda. Nilipofika safu ya nne, dada mmoja mfamasia akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu," akasema, "mimi ni wa hiyo jamii uliyoandika hapo. Mama yangu alipougua alitaka kujua kila kitu, hadi jina la kila dawa na kazi yake. Daktari wake alikuwa amefundishwa kama unavyotufundisha. Akamwita kaka yangu pembeni, akamwambia yeye. Mama alikaa siku kumi na moja nje ya ugonjwa wake mwenyewe."

Ukumbi ulitulia. Nilifuta jedwali lile kwenye kompyuta jioni hiyohiyo.

Baadaye nikaona kwamba hata namba zinasema alichosema yule dada. Mwaka 1995 Leslie Blackhall na wenzake walichapisha utafiti juu ya wazee 800 wanaoishi Marekani, kutoka makundi manne. Waliuliza kama mgonjwa aambiwe kwamba ana saratani iliyosambaa. Asilimia 88 ya Wamarekani weusi na asilimia 87 ya wale wenye asili ya Ulaya walisema aambiwe. Kwa wenye asili ya Meksiko ilikuwa asilimia 65, na kwa wenye asili ya Korea asilimia 47. Mtu anaweza kuisoma takwimu hiyo akaondoka na jedwali kama langu: Wakorea msiwaambie. Lakini asilimia 47 ni karibu nusu. Ukimkalisha mbele yako mzee mwenye asili hiyo na kuamua kwa kumtazama sura, unarusha shilingi hewani.

Na daktari naye ana utamaduni wake, jambo ambalo jedwali langu lilikuwa limelisahau kabisa. Mwaka 1961 Donald Oken aliwauliza madaktari wa Marekani, na asilimia 90 walisema kwa kawaida hawamwambii mgonjwa kwamba ana saratani. Mwaka 1979 swali lilipoulizwa tena na Dennis Novack na wenzake, asilimia 97 walisema wanapendelea kumwambia. Ndani ya miaka 18 tu, kilichokuwa huruma kikawa kosa. Huwa nawasomea washiriki namba hizo mbili pale wanaponiambia kwamba familia zinazoomba mgonjwa afichwe "zimebaki nyuma". Walimu wa walimu wao walikuwa wakificha, na walikuwa na sababu zilezile: asikate tamaa, asiache kula, asife kabla ya siku zake.

Badala ya jedwali, sasa ninafundisha maswali. Mengi si yangu. Arthur Kleinman, daktari wa akili aliyesomea pia anthropolojia, alichapisha na wenzake mwaka 1978 orodha fupi ya maswali ya kumuuliza mgonjwa juu ya ugonjwa wake kama anavyouona yeye: unadhani umesababishwa na nini, kwa nini ulianza wakati ule, unakufanyia nini, unaogopa nini zaidi, unatarajia nini kutokana na matibabu. Kwenye saratani, swali la sababu lina uzito ambao wataalamu wengi hawaujui mpaka waulize. Nimekutana na wanawake walioamini uvimbe umewapata kwa sababu waliacha kunyonyesha mapema, na walikuwa wakibeba hatia hiyo pamoja na ugonjwa. Nimekutana na mwanamume aliyeogopa kulala kitanda kimoja na mkewe asimwambukize. Hakuna aliyewaambia vinginevyo, kwa kuwa hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1998 Melanie Tervalon na Jann Murray-García waliandika kwamba lengo la kumfundisha daktari juu ya tamaduni lisiwe kuzimaliza na kuzimudu kama somo la mtihani. Wakataka anyenyekee, aendelee kujichunguza maisha yake yote, na amwache mgonjwa awe mwalimu wa maisha yake mwenyewe. Ningeyasoma kabla ya kuandaa jedwali, yule dada asingelazimika kusimama.

Sasa niwapeleke ndani ya chumba cha mazoezi, kwa sababu huko ndiko watu hubadilika. Mihadhara haibadilishi mtu. Tunatumia waigizaji waliofundwa kuwa wagonjwa, viti viwili, na washiriki wanne au watano wanaotazama. Mfuatano wa kutoa habari nzito tunaoanza nao ni ule uliochapishwa mwaka 2000 na Walter Baile, Robert Buckman na wenzao, wenye hatua sita: andaa mazingira, jua mgonjwa anaelewa nini hadi sasa, muulize anataka kujua kiasi gani, toa habari, pokea hisia zake, kisha pangeni pamoja. Hatua nne ni rahisi. Mbili ndizo zinazowashinda watu: ya tatu, kwa sababu hawajazoea kuomba ruhusa, na ya tano, kwa sababu inadai ukimya.

Nakumbuka daktari mmoja bingwa, mtu mzima, mwenye heshima kubwa kwa wenzake, aliyekuja kwa shingo upande. Mwigizaji alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye saratani yake ya titi imerudi. Daktari alimwambia vizuri, kwa sentensi fupi. Mwigizaji akainamisha kichwa. Sekunde mbili hazijapita, daktari akaanza: lakini kuna dawa mpya, tutabadilisha mpango, kuna kipimo kingine, hata hivyo usiwe na wasiwasi. Nikasimamisha zoezi. Nikamuuliza: "Daktari, ulikuwa unajisikiaje alipoinama?"

Akasema: "Sikuweza kuvumilia."

"Kwa hiyo zile dawa mpya ulikuwa unampa nani?"

Hakujibu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akairudisha. Tukarudia. Safari hii alipomaliza kusema, aliweka viganja vyake juu ya mapaja na kukaa kimya. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani: sekunde kumi na nne. Ukiwa nje ni muda mfupi. Ukiwa kwenye kiti kile ni mrefu kama usiku. Mwigizaji aliinua kichwa akasema, "Nina watoto wawili," na kwa mara ya kwanza mazungumzo yakawa ya kwake. Daktari akasema tu, "Nieleze habari zao."

Wakati wa mapumziko alinifuata akaniambia kwamba kwa miaka ishirini na sita hakujua wagonjwa wake wangesema nini baada ya ule ukimya, kwa kuwa hakuwahi kuuacha ufike.

Kwamba mazoezi ya aina hii yana faida halisi, si imani yangu tu. Lesley Fallowfield na wenzake wa Uingereza walichapisha mwaka 2002 jaribio lililohusisha madaktari 160 wa saratani kutoka vituo 34. Waliohudhuria mafunzo ya siku tatu walibadilika namna ya kuuliza na kuonyesha kuguswa na hali ya mgonjwa, wakiwa na wagonjwa wao halisi. Waliopewa tu maoni kwa maandishi juu ya kazi yao hawakubadilika kwa kiasi cha maana. Mwaka mmoja baadaye sehemu kubwa ya mabadiliko ilikuwa bado ipo, ila maneno ya kuonyesha huruma yalikuwa yamepungua. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Wodi inachosha, na mtu akichoka kitu cha kwanza kupungua ni neno la kumtambua mwenzake. Kwa hiyo siku hizi narudi kuwatembelea niliowafundisha, nakaa nao kliniki nusu siku, na sikubali mafunzo ya mara moja tu hata nikibembelezwa vipi.

Pingamizi ninaloletewa kila mara ni muda. Ninalichukua kwa uzito, kwa sababu nimefanya kazi kwenye foleni hizo. Lakini mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walionyesha kwamba madaktari waliowachunguza walikuwa wakimkatiza mgonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza shida yake. Na mwaka 2002 Wolf Langewitz na wenzake huko Uswisi walipima wagonjwa 335 wangezungumza kwa muda gani kama wasingekatizwa. Wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wanane kati ya kumi walimaliza ndani ya dakika mbili. Dakika mbili. Nimeona daktari akipoteza dakika ishirini akieleza jambo ambalo halikuwa hofu ya mgonjwa, kwa kuokoa dakika moja na nusu mwanzoni.

Juu ya ukalimani nina mengi, maana ndiko nilikoanzia. Msimtumie mtoto wa mgonjwa. Nimeona binti wa miaka kumi na mbili akiambiwa amweleze mama yake kwamba saratani imefika kwenye mifupa. Alinyamaza, kisha akamwambia mama yake kitu kingine, na mama akaelewa kila kitu kwa kumtazama mwanawe. Hata mtu mzima wa familia anatafsiri huku akiwa na maumivu yake, na hawezi kuwa mfereji tu. Mkalimani aliyesomea kazi naye anahitaji kuandaliwa: mwambie kabla ya kuingia kwamba habari ni nzito, muulize kuna maneno gani yatakayomsumbua, kubalianeni mtaitaje ugonjwa huo. Mwekeeni kiti pembeni ya mgonjwa, na wewe mtazame mgonjwa. Sema sentensi moja, ngoja. Siku ile ya mzee, kama daktari angeniuliza tu kabla, "Sista, utalisemaje hili kwa lugha yake?" ningemwambia kwamba sina neno, tungelitafuta pamoja.

Kwa mgonjwa kiziwi mambo ni hayohayo na zaidi. Anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na mwanga usiwe nyuma ya mzungumzaji, na barakoa inayoficha mdomo inamnyima hata kile kidogo anachosoma kwenye uso. Mwanamke mmoja kiziwi alikuja kufundisha pamoja nami. Aliwaeleza washiriki kwa ishara kwamba alipopelekwa kwenye mionzi kwa mara ya kwanza aliambiwa asitikisike, mlango ukafungwa, na maelekezo yote yaliyofuata yakatoka kwenye spika ya ukutani.

Bado sijasema juu ya lile ombi linalowatesa wote, "Daktari, tafadhali usimwambie." Wanafunzi wangu wanataka kanuni: ndiyo au hapana. Ninawapa mazungumzo. Kwanza kaa na familia, uliza wanaogopa nini kitatokea akijua. Mara nyingi hofu yenyewe ni ya kweli na inastahili jibu. Waulize mgonjwa mwenyewe amekuwa akisema nini. Usiahidi kumdanganya akikuuliza. Kisha nenda kwa mgonjwa, mbele yao, na umuulize yeye: "Bibi, kuna watu hupenda nieleze kila kitu, wengine hupenda nizungumze na watoto wao. Wewe ungependa tufanyeje?" Wapo wanaojibu, "Ongea na mwanangu, mimi nipe dawa tu." Hao nao wamejiamulia, na kuwaheshimu ni kuwatii. Wapo wanaotazama familia yao na kusema, "Mimi najua. Nilikuwa nawaficha wao." Hilo la pili nimelisikia mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Mwezi uliopita nilikuwa kliniki na yule yule daktari bingwa wa miwani. Mgonjwa wake alikuwa mama mtu mzima, saratani ya ovari, imesambaa. Hakusoma shule, na alisema hivyo mwenyewe alipoingia, kama anayetuonya. Daktari alimuuliza anachojua. Alimuuliza anataka kujua kiasi gani. Akasema anataka kujua yote ila taratibu. Akamweleza. Alitumia watu kumi badala ya asilimia, akakwepa neno "inatibika" kama tulivyozoea kufanya, akasema kwamba dawa zitaupunguza ugonjwa na kuushikilia, lakini hazitaumaliza. Akanyamaza. Mama alikunja ncha ya kitambaa chake, akakikunjua.

Daktari akamuuliza: "Mama, ukienda kuwaeleza nyumbani, utasemaje?"

Yule mama alifikiri. "Nitawaambia kuna mbwa mkali ameingia uani," akasema. "Hatuna cha kumwulia. Lakini daktari ana kamba. Atamfunga."

Miaka yote niliyolitafuta lile neno, nikiuliza wakalimani, nikipekua kamusi, nikibishana na wenzangu juu ya tiba na kuponya, sikuwahi kupata lililokaa sawa namna hiyo. Nilitaka kuliandika, kalamu nikaiona haina maana.

"Ndivyo hasa ilivyo," daktari akasema. "Umelieleza vizuri kuliko mimi."

"Na hiyo kamba," mama akauliza, "itashika kwa muda gani?"

Nilimwona daktari akivuta pumzi. Dawa mpya zilikuwepo, kipimo kingine kilikuwepo, yote hayo angeweza kuyataja. Aliweka viganja vyake juu ya mapaja.

"Ninaweza kukueleza ninachojua," akasema. "Ungependa tuzungumze hilo sasa hivi?"

"Sasa hivi," mama akasema. "Ila mwite kwanza binti yangu, yuko hapo nje. Asisikie kwa mtu."

Daktari akainuka, akaenda mwenyewe kufungua mlango.